Kofia ya Dundu

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi wenzangu, maana hata mimi bado najihesabu mwanafunzi, habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme maneno machache kabla hamjaenda kusimama kwenye mabango yenu. Nimechagua kuzungumza juu ya kicheko, kwa sababu leo mtachekwa. Mtu atapita na kikombe chake cha chai, atasoma kichwa cha utafiti wako, atamwita mwenzake, na wote wawili watacheka. Yalinikuta. Niliwahi kukaa miezi minne nikihesabu ni mara ngapi sisimizi hugusana vipapasio wanapokutana njiani, mmoja anakwenda na mwingine anarudi. Siku ya kutetea tasnifu yangu, mjumbe mmoja wa jopo alikisoma kichwa cha kazi ile kwa sauti, polepole, neno moja moja, halafu akawageukia wenzake. Ukumbi ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka, kwa sababu kweli kilichekesha. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa. Nililala chali nikijiuliza: wamecheka nini hasa?

Imenichukua miaka mingi kupata jibu, na ndilo nililowaletea leo. Nadhani watu hucheka palepale uangalifu unapoanzia. Ukisema unachunguza "tabia za wadudu," hakuna anayecheka. Ukisema unahesabu miguso ya vipapasio, kicheko kinakuja. Jambo ni lile lile, ila mara ya pili umesema hasa unachokifanya.

Niwape mfano ninaoupenda kuliko yote, na mnivumilie, maana nitakaa nao kidogo.

Kuna dundu anayeviringisha tonge la mavi. Akifika kwenye lundo, anakata kipande chake na kukifinyanga kiwe mviringo. Kisha anainamisha kichwa chini, anapandisha miguu ya nyuma juu ya tonge, na kuanza kulisukuma akienda kinyumenyume. Ana haraka, na haraka yake ina sababu: pale lundoni kuna madundu wengine wasiotaka kufinyanga bali wanataka kupora. Njia ya uhakika ya kuwakimbia ni mstari ulionyooka. Akipinda, akizunguka, atajikuta amerudi palepale alipotoka, na tonge lake litakwenda. Sasa, kiumbe anayetembea kinyumenyume, kichwa chini, usiku wa giza usio na mwezi, ananyoosha vipi njia yake?

Marie Dacke wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, pamoja na wenzake, wakiwemo watafiti wa Afrika Kusini, walihisi kuwa dundu huyu anaitazama mbingu. Ili kulithibitisha hilo wakamvisha kofia. Walikata vikofia vidogo vya karatasi ngumu na kuvibandika kichwani ili macho yasione juu. Madundu wale wakaanza kuyumba, wakapinda, wakazunguka kama mtu aliyepotea sokoni.

Watu wengi wakifika hapa huwa wamekwisha kucheka na kufunga ukurasa. Mimi nawasihi msome mbele kidogo. Kulikuwa na kundi jingine la madundu, nao walivishwa kofia, ila kofia zao zilikuwa za plastiki angavu inayopitisha mwanga. Ya nini kumvisha mdudu kofia isiyoziba chochote? Fikirini vizuri. Mtu mkorofi, na sayansi inawahitaji wakorofi, angeweza kuuliza: mnajuaje kwamba dundu amepotea kwa kukosa nyota? Pengine amepotea kwa sababu mmembandika kitu kichwani. Kinamlemea, kinamuudhi, yeyote angeyumba. Kofia angavu ndiyo jibu la mkorofi huyo. Dundu aliyeivaa alibeba mzigo ule ule na kero ile ile, lakini aliona nyota, na njia yake ikanyooka.

Baadaye waliwapeleka madundu kwenye ukumbi wa kuonyeshea nyota mjini Johannesburg, ule wenye kuba ambalo mashine hulichorea mbingu ya usiku. Humo ndani binadamu ndiye anayeamua nyota zipi ziwake na zipi zizimwe. Walipobakisha ule mkanda mweupe peke yake, tunaouita Njia Nyeupe, madundu waliendelea kunyoosha njia karibu sawa na walipokuwa chini ya mbingu iliyojaa nyota. Hayo yalichapishwa mwaka 2013. Mdudu mwenye ubongo mdogo kuliko punje ya mchele, akisukuma mavi, anaongozwa na mwanga wa kundi zima la nyota ambamo na sisi tunaishi.

Dundu mwenye kofia nyeusi angeweza kubuniwa na mchekeshaji yeyote. Dundu wa pili, yule mwenye kofia isiyofanya kazi, hawezi kubuniwa na mchekeshaji. Amebuniwa na mtu anayeogopa kujidanganya. Na mkichunguza tafiti zinazochekesha mtamkuta huyo dundu wa pili karibu kila mahali, kwa sura mbalimbali.

Huko Japani, watafiti waliwapaka ng'ombe weusi mistari myeupe, wakafanana na pundamilia, ili waone kama nzi wataacha kuwauma. Makala ilitoka mwaka 2019. Nzi waliowauma walipungua karibu nusu, na hiyo ni habari kubwa kwa mfugaji anayetaka kupunguza dawa za kuulia wadudu. Lakini tafuteni dundu wa pili. Yupo: ng'ombe walewale, siku nyingine, walipakwa mistari myeusi. Mistari myeusi juu ya ng'ombe mweusi! Mtu anachovya brashi, anachora kwa uangalifu mstari ambao karibu hauonekani, anahamia mwingine. Alikuwa anataka kujua kama nzi wanakimbia mistari au wanakimbia harufu ya rangi. Nzi hawakujali rangi. Walijali mistari.

Au mchukueni Donald Unger, daktari wa California. Utotoni mama yake na shangazi zake walimwonya kwamba kualisha vidole kutamletea ugonjwa wa baridi yabisi. Wengi wetu tumeonywa hivyo hivyo, tukabisha au tukatii, basi. Unger hakubisha wala hakutii. Akaamua kualisha vidole vya mkono wa kushoto tu, angalau mara mbili kwa siku, na mkono wa kulia akauacha. Alifanya hivyo kwa miaka hamsini. Mwaka 1998 aliandika barua kwa jarida la madaktari wa viungo, akakadiria kuwa vidole vya kushoto vimealishwa si chini ya mara 36,500, na kwamba hakuna mkono uliopata baridi yabisi wala hakukuwa na tofauti yoyote kati ya hiyo miwili.

Ni mtu mmoja tu, mtasema, na ushahidi wa mtu mmoja hautoshi. Ni kweli. Lakini utazameni ule mkono wa kulia. Jaribuni kufikiri miaka hamsini ya kujizuia. Unakaa kwenye mkutano unaochosha, vidole vya kulia vinawasha, vinaomba, na wewe unasema hapana, nyie ni wa ulinganisho. Uvumilivu wa namna hiyo naustahi sana. Mkono wa kushoto ulifanya tabia ambayo mamilioni ya watu wanayo. Mkono wa kulia ndio uliofanya sayansi.

Unger alipewa tuzo ya Ig Nobel mwaka 2009. Dacke na wenzake waliipata mwaka 2013, na wale wa ng'ombe wenye mistari mwaka 2025. Kwa wasioifahamu, tuzo hii ilianzishwa mwaka 1991 na Marc Abrahams, na kanuni yake ni kuenzi kazi zinazowafanya watu kwanza wacheke, halafu wafikiri. Sherehe yake kwa miaka mingi ilifanyika Chuo Kikuu cha Harvard. Washindi halisi wa Nobel ndio hukabidhi zawadi, na watazamaji hurusha ndege za karatasi jukwaani. Msemaji akizidisha muda, mtoto wa kike humwendea na kumwambia, tena na tena, "Tafadhali acha, nimechoka." Ndege zile za karatasi kwa miaka zilifagiliwa na Roy Glauber, profesa wa fizikia. Mwaka 2005 mfagiaji huyo alipata Nobel ya fizikia.

Napenda neno lile "halafu." Kicheko kinatangulia, fikra inafuata, na kati yake kuna nafasi. Wengi wanaishia kwenye nafasi hiyo.

Chukueni chura wa Andre Geim. Mwaka 1997, huko Nijmegen, Uholanzi, Geim na wenzake walimweka chura mzima ndani ya sumaku yenye nguvu sana, na chura akaelea hewani. Hakuwa na kamba wala waya. Maji yaliyomo mwilini mwake husukumwa kidogo sana na sumaku, na sumaku ikiwa kubwa vya kutosha, msukumo huo unatosha kumbeba. Mwaka 2000 alipata Ig Nobel pamoja na Michael Berry. Miaka kumi baadaye, mwaka 2010, Geim huyohuyo alipata Nobel yenyewe, akiwa na Konstantin Novoselov, kwa kazi yao juu ya grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja. Nao waliubandua kutoka kwenye grafati kwa kutumia utepe wa gundi, ule wa kawaida wa kufungia vifurushi. Mtu aliye tayari kumwinua chura kwa sumaku ndiye huyohuyo aliye tayari kujaribu utepe wa gundi mahali ambapo wengine wangeona aibu.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Si kila anayecheka yuko njiani kwenda kufikiri. Kuna kicheko ambacho ni silaha.

Mwaka 1975 seneta William Proxmire wa Wisconsin, Marekani, alianza kutoa kila mwezi tuzo ya kuwaaibisha waliotumia fedha za umma, kwa maoni yake, ovyo. Ya kwanza kabisa aliielekeza kwa utafiti wa dola 84,000 uliotaka kujua kwa nini watu hupendana. Watafiti walikuwa wanawake wawili, Ellen Berscheid na Elaine Hatfield. Fikirini: miili, ndoa, watoto, vifo vya huzuni, karibu kila jambo zito la binadamu linapita kwenye swali hilo, na mtu mzima akaona ni mzaha. Proxmire aliendelea na tuzo zake hadi mwaka 1988. Sikatai kwamba fedha za umma zinaweza kupotea, na kuna matumizi aliyoyakemea kwa haki. Ninachokikataa ni ile mbinu: unachukua utafiti, unaling'oa swali lake, unabakiza kitendo tu. Kitendo chochote kikiondolewa swali lake kinachekesha. Hata daktari wa upasuaji, ukiondoa mgonjwa na ugonjwa, ni mtu aliyevaa barakoa anayekata nyama taratibu.

Mbinu hiyo haikufa na mzee huyo. Mnaijua ile video ya kamba anayekimbia kwenye mashine ya mazoezi? Namsema kamba wa baharini. Ilizunguka dunia nzima, watu wakaambiwa mamilioni ya dola yameteketea pale. Mtafiti, David Scholnick, aliitengeneza mashine ile mwenyewe kwa vipuri, kwa gharama isiyofika dola 50. Alitaka kujua kamba aliyeambukizwa bakteria, kwenye maji yenye oksijeni kidogo, anabakiwa na nguvu kiasi gani. Bila kumkimbiza utapimaje nguvu zake?

Na kuna hadithi ya nzi, ambayo ningetamani kila mwanasiasa aisikie. Kuna nzi wa Amerika anayetaga mayai kwenye kidonda cha mnyama, na funza wake hula nyama hai. Kidonda kidogo cha kupe kinaweza kumuua ng'ombe. Edward Knipling na Raymond Bushland walitumia miaka kuchunguza jinsi nzi huyu anavyojamiiana. Ndiyo, maisha ya ndoa ya nzi! Walichokishika ni kitu kimoja: jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Basi, wakawaza, tukifuga madume kwa wingi, tukayahasi kwa mionzi na kuyaachia, jike litakalokutana na mojawapo litataga mayai yasiyoanguliwa, na halitapata nafasi ya pili. Mwaka 1954 walijaribu kwenye kisiwa cha Curaçao, na kwa muda wa miezi tu nzi wakaisha. Kusini mwa Marekani kukasafishwa baadaye, na njia hiyohiyo ndiyo iliyofuta mbung'o kisiwani Unguja, mwaka 1997 ikatangazwa kuwa hawapo tena. Ng'ombe wangapi wako hai kwa sababu mtu hakuona haya kuuliza nzi jike hupandwa mara ngapi?

Hata hivyo sitaki muondoke mkidhani nautetea utafiti wa ajabu kwa kuwa siku moja utaleta dawa au kuokoa ng'ombe. Mwingine utaleta, mwingine hautaleta kamwe. Nikijificha nyuma ya faida, nitakuwa nimekubali kwamba kujua peke yake si kitu. Sikubali.

Ndiyo maana huwa namkumbuka John Mainstone. Mwaka 1927, katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, profesa Thomas Parnell alitaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba lami iliyoganda, ambayo ukiipiga nyundo inavunjika vipande kama kioo, kwa kweli ni kimiminika. Aliiyeyusha, akaimimina kwenye faneli iliyozibwa chini, akaiacha itulie miaka mitatu. Mwaka 1930 akaikata ile ncha iliyozibwa. Tone la kwanza lilidondoka mwaka 1938. La pili, 1947. Parnell alifariki, jaribio likaendelea kukaa kabatini, na mwaka 1961 Mainstone akalikuta na kuanza kulitunza.

Alilitunza zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 1979 tone lilianguka wikendi, hakuwepo. Mwaka 1988 alikaa karibu nalo, akatoka dakika chache kutafuta kinywaji, aliporudi limeanguka. Mwaka 2000 alikuwa safarini, kamera ikaachwa ilinde, na kamera ikafeli. Mwaka 2005 alipata Ig Nobel, yeye pamoja na Parnell ambaye alishafariki kitambo, na watu walicheka, na yeye alicheka nao. Agosti 2013 Mainstone alifariki dunia. Tone la tisa likatengana na lami Aprili 2014.

Hakuwahi kuliona tone hata moja likianguka. Lakini kutokana na matone yale, imewezekana kukadiria mnato wa lami: ni zaidi ya mara bilioni mia mbili ya ule wa maji. Tarakimu hiyo haijengi barabara wala haiponyi mtu. Imepatikana kwa sababu watu kadhaa, mmoja baada ya mwingine, walikubali kutunza faneli ya kioo ambayo hawakuwa na hakika wangeishi kuona mwisho wake. Ninapoifikiria kazi ile huwa nakosa maneno. Na tone la kumi linajikusanya hivi sasa tunavyozungumza, na yeyote mwenye intaneti anaweza kulitazama.

Yule mjumbe wa jopo alinifuata nje baada ya kutetea. Nilidhani anakuja kuomba radhi. Akaniuliza, "Hivi, yule sisimizi anayerudi na chakula, anagusa mara nyingi zaidi au mara chache kuliko anayerudi mtupu?" Tulisimama pale chini ya ngazi hadi wakafunga jengo.

Mwalimu ananionyesha saa. Mabango yako tayari, naona. Lile la kwanza pale mlangoni linahusu ute wa konokono, kwamba unatelezesha zaidi kwenye jani bichi au kwenye jani kavu. Nimelisoma mara mbili asubuhi. Mwenye bango hilo aje asimame karibu nalo, maana nina maswali matatu, na la kwanza ni kuhusu konokono wale uliowaweka juu ya kioo.